Mwalimu, tuandikie wasifu

(Haya ni yale niliyoongea Jumamosi kwenye mkutano wetu wa wasomaji hapa Mwanza, wengi mliomba niyaandike. Sikuwa na karatasi siku ile kwaiyo nimeandika kama ninavyokumbuka, na majina ya watu nimeyatoa kwa sababu ni mali ya familia zao.)

Mwangaluka. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo, na nyie watoto wa sekondari mliokosa viti poleni sana, sogeeni hapa mbele kuna mkeka.

Nimeambiwa niongelee fasihi na kifo. Mimi sio mtu wa chuo kikuu, nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 34, nimestaafu, nakaa Igoma. Sina kitabu nilichotoa. Ila kuna kuandika kumoja nimekufanya kwa muda mrefu kuliko hata kufundisha na sijawahi kukusema mbele za watu, ndio nataka niwaambie leo.

Kunaanza hivi. Usiku, saa tatu saa nne, mtu anagonga geti. Ile hodi ya sauti ya chini nikiisikia tu najua. Ni shemeji wa marehemu, au baba mdogo, mtu aliyetumwa na kamati ya msiba, ana daftari kwapani, anasema mwalimu samahani kwa usiku huu, tumepata msiba, tunazika kesho saa nane, tuandikie wasifu. Navaa shati, nachukua kalamu, natoka naye. Tunaandika chini ya turubai au ndani kwenye kitanda cha mtu, asubuhi mtoto wa nyumba hiyo anakimbilia stesheneri wanachapa, wanatoa fotokopi na picha ya marehemu pale juu, na saa nane tayari unasomwa. Nina kaunta buku tatu nyumbani nilizonakili kila wasifu nilioandika. Juzi nimehesabu, ni watu 211.

Sasa fikirini kitu kimoja. Kuna mtu anaweza kuishi Buhongwa au Kisesa miaka 70 asinunue riwaya hata moja, asisome shairi tangu amalize darasa la saba, lakini wasifu wa marehemu kausikiliza mara 300, kasimama juani, kofia mkononi, hasemi na mwenzie, anasikiliza kila neno. Msikilizaji mwema kama huyo mwandishi atampata wapi tena? Na sisi tunampa nini? Tunampa hiki, na mnakijua wote maana hata nyie wadogo mmeshakisikia: Marehemu alizaliwa mwaka 1958 wilaya ya Magu akiwa mtoto wa tatu kati ya tisa. Alisoma shule ya msingi mwaka fulani hadi mwaka fulani. Aliajiriwa, akaacha kazi, akajishughulisha na biashara ndogo ndogo. Alifunga ndoa na kubahatika kupata watoto sita. Alianza kusumbuliwa na presha na sukari mwaka 2015. Alipelekwa hospitali, akapata nafuu, akarudishwa, hali ikabadilika, akahamishwa, na saa kumi alfajiri mauti yakamfika. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Huo ndio niliokuwa naandika mimi miaka kama saba ya mwanzo, na nilikuwa naona naandika vizuri maana sarufi ilikuwa safi. Siku moja nikakaa nikahesabu mistari ya mmoja wapo. Mistari 22, na 14 kati ya hiyo ni ugonjwa. Mama wa watu ameishi miaka 61, ameumwa miezi mitano, na ile miezi mitano imechukua karatasi kuliko miaka 60 yote iliyobaki. Nilijisikia vibaya sana kwa kweli. Nikajiuliza hivi sisi tunamzika mtu au tunazika faili la hospitali.

Mnisamehe nikisema hivi, lakini naona ni jambo kubwa. Mtu akifa sisi tunakuja wengi, hatuna shida hapo, hata jirani mliyegombana mpaka wa kiwanja anakuja na kuni. Tunachanga, kila shilingi inaandikwa kwenye daftari la rambirambi, fulani elfu mbili, fulani sado ya mchele, fulani maturubai, hakuna anayesahaulika. Daftari la waliotoa limeandikwa kwa uangalifu kuliko karatasi ya aliyeondoka. Thamani ya mchele tunaijua mpaka kibaba, mtu mwenyewe tunampitia haraka haraka kwa sababu mchungaji ana misa nyingine.

Nilianza kubadilika kwa ajili ya mama mmoja wa pale Kirumba, muuza samaki. Nilifika nikakuta watoto wake wanne wamekaa, wakubwa, mmoja mtu wa ofisi kabisa. Nikauliza, mama alikuwa mtu wa namna gani? Mkubwa akajibu, alikuwa mjasiriamali mdogo, mcha Mungu, mpenda watu. Nikaandika, alafu nikakata. Nikamwambia mwanangu, mpenda watu nimeshaandika kwa watu 60, kila aliyekufa Mwanza alikuwa mpenda watu. Niambie akirudi jioni mlikuwa mnajuaje ni yeye? Wakanyamaza, nyamaza kabisa, nikadhani nimewakosea. Ndio yule mdogo wa mwisho akasema, alikuwa anakung'uta kanga mlangoni mara tatu kabla hajaingia, magamba yanadondoka, alafu anasema jamani nimewaletea ziwa. Hapo hapo wakaanza wote. Mmoja akasema alikuwa akipara samaki amekalia ndoo iliyogeuzwa, ndoo ile ile miaka yote, na ndoo bado ipo nyuma ya nyumba. Mwingine akasema kichwa cha sato alikuwa hauzi, hata mteja akibembeleza vipi, kichwa anarudi nacho kwa mtoto anayeumwa siku hiyo, na wao walikuwa wanajidai kuumwa. Tuliandika mpaka saa nane usiku. Wanalia wanacheka, na mimi naandika tu.

Kesho yake nikasoma mwenyewe pale makaburini. Nilipofika pale pa kukung'uta kanga nikasikia wanawake nyuma kule wanasema ndio, ndio, ndio yeye. Mnaelewa? Ndio yeye. Kwenye zile wasifu zangu za mwanzo hakuna mtu aliwahi kusema ndio yeye, maana angeweza kuwa yeyote.

Kwaiyo nikawa nauliza hivyo. Alikuwa anachekaje. Alikuwa anakula nini mwisho kwenye sahani. Akikasirika anafanyaje. Kuna wazee wananiambia mwalimu, haya ni mambo ya upuuzi, andika vyeo, andika nyumba alizojenga, na mimi huwa naandika na nyumba pia maana kujenga sio kazi ndogo. Lakini nyumba inauzwa jamani. Yule mama hakuacha nyumba, aliacha ndoo.

Kuna mmoja alinipa shida sana, sijui kama nilifanya sawa mpaka leo. Ni baba aliyekimbia familia. Aliondoka watoto wadogo, akakaa huko kwenye machimbo Geita miaka 16, hakutuma hata salamu, akarudi anaumwa, amekonda, hana kitu, akafa baada ya miezi minne. Ndugu zake wanataka niandike baba mwema mlezi wa familia. Binti yake mkubwa amesimama mlangoni ananiangalia tu. Tunasema marehemu hasemwi vibaya, na mimi nakubali, msiba sio mahakama. Lakini kumsemea uongo nako sio heshima, ni kama kumvisha suti ya mtu mwingine alafu mnamfunika haraka watu wasione. Nikamwita yule binti nje nikamuuliza nini cha kweli unaweza kukisikia kesho bila kuondoka pale kaburini. Akafikiri sana. Tukaandika hivi: "Aliondoka mwaka 2003, akarudi 2019 akiwa mgonjwa. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye hakuwahi kumjua, ndiye alimwogesha mpaka siku ya mwisho. Wiki ya mwisho alituomba tumtajie majina ya wajukuu, akayarudia mmoja mmoja." Hakuna neno zaidi. Baba zake wadogo walinuna, mmoja hanisalimii mpaka leo. Binti alisimama pale mpaka udongo wa mwisho.

Na kuna huyu mwingine, yeye ana mistari minne tu kwenye kaunta buku ya pili. Ni mtoto aliyeishi siku tisa. Nilienda msibani kama jirani, hakuna aliyeniita kuandika, wanaume wameshachimba, wanasema mtoto mchanga hana wasifu, tusomee nini? Wala hawakusema kwa ubaya, ndio desturi, kichanga anazikwa kimya kimya mama asiumie. Lakini mama yake alikuwa amekaa ndani na khanga mdomoni na mimi nikaona huyu anaumia hivyo hivyo na kimya chetu kinamwambia hakuna kilichotokea. Nikamwomba mke wangu amuulize. Akarudi na mistari minne. Kwamba alizaliwa alfajiri mvua inanyesha. Kwamba alikuwa analala tu akiwekwa upande wa kushoto. Kwamba alimshika bibi yake kidole akakataa kuachia. Kwamba aliishi siku tisa na zote alikuwa na mtu amempakata. Nikasoma, haikufika hata dakika moja. Sasa yule mtoto hakusoma, hakujenga, hakuajiriwa, hakutoa rambirambi ya mtu yeyote, ukitumia vipimo tunavyotumia hana hata mstari mmoja. Na mimi wasifu ule ndio naona nimeuandika kwa haki kuliko zote 211.

Mtaniuliza fasihi iko wapi hapa maana ndio tulichoitiwa. Nitawataja watu wawili tu.

Shaaban Robert mnamjua kwa mashairi. Lakini aliandika pia wasifu, akamwandika Siti binti Saad, yule mwimba taarabu wa Unguja. Siti alizaliwa Fumba, mtoto wa watu wafinyanzi, ametembeza vyungu kuuza kabla hajajulikana, na mwaka 1928 akaenda mpaka Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Mwandishi mkubwa wa Kiswahili angeweza kumwandika sultani, angeweza kumwandika gavana, akakaa chini akamwandika muuza vyungu. Nikikaa na muuza samaki wa Kirumba saa nane za usiku huwa nakumbuka hilo na sijioni nafanya kazi ndogo.

Wa pili ni wa kwetu, wa hapo ng'ambo Ukerewe, meli ya saa chache tu. Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliandika riwaya kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Kitabu kikubwa haswa, ndani yake kuna mume na mke wanatafuta mtoto, na pembeni mwa hilo kuna kila kitu cha Wakerewe wa zamani, wanavyosalimiana, wanavyolima, pombe ya ndizi inavyotengenezwa, mgonjwa anavyotibiwa, mkwe anavyopokelewa. Na jina la kitabu ni majina ya watu tu, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Baba, mama, kaka, dada. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, akasubiri, kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981 nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 tangu amalize. Mimi nikisoma zile kurasa za watu wanaosalimiana, na ni ndefu, vijana huwa wananiambia zinachosha, naona mzee anafanya kile kile cha kukung'uta kanga mlangoni. Anajua hawa watu wanaondoka, anajua hakuna atakayeuliza walikuwa wanasalimianaje, anaandika kabla hajaulizwa.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa napazunguka tangu nianze kuongea.

Tarehe 21 Mei 1996, Jumanne asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia kufika hapa Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapita Kemondo. Meli ya kuchukua abiria 430. Waliokuwa kwenye orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yao ni 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Naomba mlisikie hilo vizuri nyie wadogo: hapakuwa na orodha. Ndio maana mpaka leo mtu mmoja anasema walikufa zaidi ya 800 na mwingine anasema karibu 1000, wanaobishana hawana makosa, ni kwamba wale wa chini na mikungu yao ya ndizi hakuna aliyewaandika wakati wanapanda. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Wengi wamezikwa Igoma, pale kwenye mnara, kutoka kwangu ni mwendo wa kutembea.

Mdogo wangu alikuwa daraja la tatu.

Alikuwa na miaka 28, mfanyabiashara wa ndizi, anakwenda Bukoba na kurudi. Tulimtafuta siku tisa. Kila walipolazwa watu tulikwenda, mimi na mama, mama anashika mkono wangu tunapita mmoja mmoja, na siku za mwisho mnajua wenyewe maji yanamfanyaje mtu, nilikuwa namwambia mama wewe angalia miguu tu mimi naangalia sura. Hatukumpata. Pengine yuko pale Igoma, pengine yuko ziwani. Mama akasema hana kaburi hatuwezi kumsomea wasifu, tukaanua matanga bila kusoma kitu. Wahenga wanasema kifo cha wengi harusi. Methali hiyo imo kwenye vitabu vya shule na mimi tangu 1996 sijawahi kuifundisha. Kifo cha wengi ni vifo vya mmoja mmoja vingi, kila nyumba ilikuwa na sufuria moja imebaki na chakula cha mtu mmoja.

Alafu tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka pale karibu na Ukara, kivuko cha watu 101, wakafa zaidi ya 220, watu waliotoka sokoni Bugolora. Nilikaa na redio siku nne. Siwezi kuliongelea zaidi hilo.

Ninachotaka kuwaambia ni kwamba mimi nimeandika watu 211 na mdogo wangu hakuwemo. Nilikuwa naenda kwa watu usiku nawaambia semeni alikuwa anachekaje, na wa kwangu niliacha. Mke wake alikuwa na mimba, mtoto akazaliwa Septemba mwaka huo huo, mtoto wa kiume, sasa hivi ni mtu mzima, fundi wa injini za mitumbwi. Mwaka jana akaja kwangu, sio usiku, mchana, akakaa kwenye benchi akaniuliza baba mkubwa, baba alikuwa anatembeaje? Miaka 29 hajawahi kuuliza na mimi sijawahi kumwambia. Nilishindwa kumjibu palepale. Nikamwambia njoo Jumapili.

Kwaiyo wa 212 ni huu, nimeuandika na mama yake na dada yetu na mzee mmoja waliyekuwa wanafanya biashara pamoja. Jina nililitaja ukumbini, hapa naliacha.

"Alizaliwa mwaka 1968. Alikuwa anatembea bega la kushoto mbele, kama mtu anayepita kwenye msongamano, hata njia ikiwa tupu. Alikuwa hapendi ndizi. Akirudi kutoka safari anamletea mama kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye jani, anaiweka juu ya kabati bila kusema, mama anaiona mwenyewe. Alipiga mluzi akihesabu hela. Aligombana na kaka yake mwaka 1994 kwa sababu ya baiskeli na hawakusemeshana miezi minne, wakapatana kwenye mpira. Aliposikia mke wake ni mjamzito alinunua beseni kabla ya kununua kitu kingine chochote, la bluu. Mara ya mwisho alitoka nyumbani Ijumaa na shati la drafti la kijani na karedio kadogo alikokafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwa sababu kifuniko cha betri kilivunjika. Alipanda MV Bukoba Mei 20, 1996."

Pale ndio pameishia. Usiku ule mzima kwenye meli hatuujui. Nimekuja kusema haya leo kwa sababu najua humu ndani kuna watu wa Bukoba, watu wa Kemondo, na najua kuna waliotoka majini siku ile wakawa hai na hawapendi kuulizwa. Mwezi wa tano 2026 inatimia miaka 30. Kama wewe ulikuwa kule chini, au baba yako alikuwa kule akakusimulia, na ukamwona kijana mrefu wa shati la kijani na karedio kamefungwa mpira, hata kama ni kumwona tu amelala juu ya magunia, hata kama alikuomba kiberiti, naomba uniambie. Nitakuwa hapa kwenye benchi la nje mpaka saa kumi na mbili, na kijana wake nipo naye.